Chupa ya Nyonyo Ndani ya Ndege

Mama yangu aliponiarifu kwa simu kwamba jina lake limo katika orodha ya watakaokwenda Hija mwaka 2025, nilikaa tayari kujibu maswali ambayo wasiopata kupanda ndege huyauliza. Je, chombo kile hakianguki? Je, mtu akitaka kwenda haja huenda wapi? Mama hakuuliza hata moja kati ya hayo. Alinyamaza kidogo, nikasikia kuku wakilia uani kwake, kisha akasema: "Mwanangu, wewe umepata kupanda. Hewa ya mle ndani ni kavu kama ya kwetu mwezi wa tisa?"

Sikumjibu mara moja. Si kwamba sikulijua jibu. Nililijua vizuri kuliko alivyodhani, ila lilikuwa limefungamana na aibu yangu mwenyewe ambayo sikupata kumsimulia mtu.

Ndugu msomaji, huenda ukaona kwamba habari ya kutunza ngozi angani ni habari ya wenye nafasi. Nami niliona hivyo hivyo kwa miaka mingi. Lakini mama yangu, ambaye amevuka umri wa miaka sitini na mitano na anaishi katika kijiji kimoja upande wa Kolo, wilayani Kondoa, ana ugonjwa wa sukari. Mwaka 2023 kisigino chake cha kushoto kilipasuka wakati wa kiangazi, kama visigino vya wengi kule vinavyopasuka. Tofauti ni kwamba yeye hakusikia maumivu. Sukari inapokaa mwilini kwa muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguuni, na mtu anaweza kutembea juu ya kidonda kama anayetembea juu ya zulia. Alipogundua, ufa ulikuwa umeota usaha. Kidonda kilichukua miezi minne kupona, na katika mwezi wa pili daktari alitamka neno "kukata". Hawakukata, tunashukuru. Tangu siku hiyo ngozi ya mama yangu imekuwa jambo la kuulizana kila tunapopigiana simu, baada ya salamu na kabla ya habari za mvua.

Kwa hiyo alipouliza juu ya hewa ya ndege, hakuuliza kwa ajili ya urembo.

Sasa niieleze aibu yangu. Mwezi Januari mwaka 2019 nilipelekwa Beijing kwa mafunzo ya uandishi wa habari. Tulipitia Addis Ababa, na kutoka hapo tulikaa angani muda wa saa kumi hivi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki, nami nilitaka nifike nikiwa safi. Basi kila nilipoamka nilikwenda katika kile chumba kidogo cha haja, nikanawa uso kwa sabuni, nikaukausha kwa karatasi, nikarudi kukaa. Nilifanya hivyo mara nne au tano. Mafuta sikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaacha nyumbani kwa makusudi, kwa sababu nitakayoieleza.

Tulipokaribia kushuka nilijitazama kiooni. Uso ulikuwa umepauka hadi mashavuni, ukakaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Nilipojaribu kutabasamu mdomo wa chini ulichanika, damu ikatoka. Wenyeji wetu walitupokea uwanjani kwa maua na kamera. Katika picha ile, ambayo bado imetundikwa ukutani katika ofisi ya mtu fulani huko, mimi ndiye niliyeziba mdomo kwa leso. Wenzangu walidhani nina mafua. Nje nako kulikuwa na baridi kavu ya Januari, na ngozi yangu haikurudi katika hali yake mpaka wiki ya pili, baada ya mama mmoja Mkenya tuliyesoma naye kunipa mafuta ya mgando bila kuniuliza neno.

Nilipopata nafasi nilitafuta kujua ni kitu gani kilichonitenda vile. Maelezo yake si magumu. Ndege za abiria za masafa marefu huruka katika kimo cha mita 10,000 hadi 12,000, na huko nje baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri na zaidi. Hewa baridi namna hiyo haiwezi kubeba mvuke wa maji. Injini huivuta, huisukuma kwa nguvu na kuipasha joto kabla ya kuiingiza ndani ili abiria wavute pumzi, lakini maji haiongezewi, au huongezewa kidogo mno. Ndiyo sababu unyevu wa hewa ya ndani hushuka chini ya asilimia 20, na katika safari ndefu unaweza kufika karibu na asilimia 10. Dar es Salaam, ambako nguo huchelewa kukauka kambani, unyevu mara nyingi hupita asilimia 70. Mtu wa Kariakoo anayepanda ndege usiku hutoka katika hewa ya bwawani na kuingia katika hewa ya jangwani kabla hajamaliza kufunga mkanda.

Jambo moja lilinichekesha. Unyevu mdogo uliomo ndani ya ndege hutoka kwa abiria wenyewe, katika pumzi na jasho lao. Palipo na watu wengi waliobanana hewa huwa na nafuu, na palipo na viti vichache vipana, kule mbele wanakokaa wakubwa, hewa huwa kavu zaidi. Basi sisi wa nyuma, tuliokunja magoti hadi kidevuni, tuna faida moja ambayo hatukuilipia. Nadhani ndiyo pekee.

Ziko ndege za aina mpya zaidi zilizopunguza tatizo hili. Ndege ya Boeing 787, ambayo shirika letu la Air Tanzania liliipokea ya kwanza Julai 2018, mwili wake kwa sehemu kubwa si wa bati la alumini bali wa nyuzi za kaboni. Kwa kuwa nyuzi hizo haziliwi na kutu, ndani yake unyevu unaweza kuachwa uwe mwingi kidogo. Hata mgandamizo wa hewa humo ni kama wa mtu aliyekaa mlimani kwenye mita 1,800, badala ya zile 2,400 za ndege za kawaida. Nafuu ipo, lakini mtu asijidanganye akaacha mafuta nyumbani.

Ngozi nayo ina utaratibu wake. Tabaka la juu kabisa ni jembamba kuliko karatasi, limefanyika kwa chembe zilizokwisha kufa na kupangwa kama matofali, na katikati ya matofali hayo kuna mafuta mwilini mwetu wenyewe yanayoshika nafasi ya udongo wa kujengea. Ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoroke. Sabuni kali na maji ya moto huosha ule udongo. Hewa kavu ikikuta matofali yamebaki peke yake huvuta maji kwa nafasi, na tabaka linapokosa maji hukakamaa, halikunjiki tena, likikunjwa hupasuka. Mimi mwenyewe nililiosha mara tano na kulikausha kwa karatasi. Hata adui asingenitendea zaidi.

Kwa nini basi sikuchukua mafuta? Hapo inanibidi nirudi Kondoa.

Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, na baada ya hapo hakuna tone. Kufika Septemba upepo wa mashariki huvuma mchana kutwa, vumbi jekundu huingia hadi ndani ya chungu kilichofunikwa, na vinyamkera vya vumbi hukimbizana katika mashamba yaliyovunwa. Ngozi ya mtoto asiyepakwa mafuta hugeuka rangi ya majivu kwa siku mbili. Kwa hiyo kila mtoto alipakwa, tena kwa nguvu, kana kwamba anasuguliwa dhambi. Bibi yangu aliyenilea alikuwa na mafuta yake katika kibuyu: mafuta ya nyonyo, mazito, yenye rangi ya asali na harufu ya kitu kilichokaangwa jana.

Bibi alikuwa akisema kwamba zamani walipaka samli. Samli ilikoma mwaka 1979. Mwaka huo Serikali iliamuru mifugo yote itolewe katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na mmomonyoko, zaidi ya kilomita za mraba 1,200, baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanza mwaka 1973, kuonekana kwamba hautafanikiwa kwa kupanda miti na kuchimba matuta tu huku kwato zikiendelea kukanyaga. Ng'ombe walihamishwa, na maziwa yakahama nao. Bibi aliueleza mwaka ule kwa huzuni lakini bila kulaumu. "Ardhi ilikuwa imechunika," alikuwa akisema, akinyoosha kidole kwenye makorongo mekundu ng'ambo ya nyumba. "Ilikuwa haina nguo. Mvua ikinyesha maji yanakimbia, hayakai." Ndipo alipoanza kukamua nyonyo zilizojiotea uani, akizikaanga, akizitwanga na kuzichemsha kutwa nzima mpaka mafuta yaelee juu. Sisi wajukuu tulifukuzwa mbali na mbegu hizo, na kwa haki, maana mbegu mbichi ya nyonyo ina sumu kali ingawa mafuta yaliyochemshwa vizuri hayana.

Nilipokwenda shule ya sekondari Dodoma mjini, harufu ile ilinifuata. Wenzangu waliotumia losheni za dukani walikaa mbali nami bwenini. Mwezi wa kwanza wote nilivumilia, wa pili nikakitupa kichupa jalalani. Losheni sikuwa na fedha ya kununua, basi sikupaka chochote, na kabla ya muhula kwisha nikaitwa "Chokaa". Jina hilo nililiona bora kuliko la kwanza, ambalo sitaliandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Kutoka hapo nikajiwekea fikra kwamba kupaka mafuta ni ushamba, au kama si ushamba basi ni mambo ya wanawake. Nilikuwa na umri wa miaka karibu thelathini, nina stashahada ya uandishi wa habari na mke na mtoto mmoja, nilipopanda ndege ya kwenda China nikiwa bado na fikra za yule mvulana wa bweni.

Haya yote nilimweleza mama kwa simu siku ile. Alicheka sana, tena akaniuliza kama bibi yangu alipata kujua kwamba nilikitupa kichupa. Hakupata kujua. Kisha tukaanza kufanya maandalizi.

Kwanza nilikosea. Nilikwenda duka moja la mjini nikanunua losheni ya bei ya juu, yenye picha ya waridi, nikampelekea kwa basi. Mama alipoionyesha kwa sheikh aliyekuwa akiwafundisha mahujaji, sheikh aliinusa akaitikisa kichwa. Kundi lao lilikuwa linakwenda moja kwa moja Jeddah, na wasafiri wa upande wetu hunuia ihramu wakiwa bado angani, ndege inapokaribia usawa wa Yalamlam. Mwenye kuingia ihramu hagusi manukato: si ya nguo, si ya sabuni, si ya losheni. Mafuta yasiyo na manukato mwilini hayana neno. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huyafuata, nywele za kichwa na ndevu hazitiwi mafuta ya aina yoyote mpaka ihramu ifunguliwe. Tena mwanamke aliyehirimia hafuniki uso kwa niqabu wala havai glavu, kwa hiyo uso na viganja vyake vitakuwa wazi kwa ile hewa. Soksi anaruhusiwa. Wanaume hawaruhusiwi, wala viatu vya kufunika vifundo vya miguu.

Nilipoyasikia hayo niliona tatizo. Mama aliona jibu. "Nyonyo haina manukato," alisema. "Wewe mwenyewe uliikimbia kwa sababu hiyo."

Muuguzi wa kliniki ya sukari naye alishauriwa. Alikubali mafuta ya nyonyo, au ya mgando, au ya alizeti yanayokamuliwa kwa wingi Dodoma na Singida, alimradi yawe safi. Masharti yake yalikuwa mengine: yapakwe ngozi ikiwa bado na umajimaji, ili yafungie maji ndani badala ya kukaa juu ya ukavu; yasitiwe kabisa katikati ya vidole vya miguu, maana palipo na unyevu na giza ukungu huota na kuleta vidonda; viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa mwezi mzima, visiwe vipya; asitembee peku popote, hata ndani ya ndege; na kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, au atazamwe na mtu mwenye macho mazuri. Habari za joto la mwaka uliotangulia zilikuwa bado hazijatutoka. Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na Serikali ya Saudia ilitangaza vifo zaidi ya 1,300. Mguu wenye ufa ukitoka katika hewa kavu ya ndege na kuingia katika joto la namna hiyo, ukakanyaga sakafu ambayo mwenyewe hausikii kwamba inaunguza, mambo yanaweza kuharibika kwa siku moja.

Nilimwuliza muuguzi juu ya maji, maana kila mtu huambiwa anywe chupa nyingi angani ili ngozi ing'ae. Alisema anywe kila anapoletewa, kwa kuwa koo hukauka na mzee husahau kiu, lakini asitegemee maji ya tumboni yafike kisiginoni. Kisigino hutunzwa kwa nje. Nilipenda usemi wake, kwa kuwa nimekutana na watu wengi wanaokunywa maji hadi kusumbua majirani wawili kila nusu saa, na bado hushuka wamepauka.

Ningependa nitie neno jingine hapa, kwa akina dada hasa, ingawa siku hizi na akina kaka wamo. Ngozi iliyochubuliwa kwa mkorogo haina ule ukuta niliousema. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini vinauzwa kwa siri, na mwenye kuvitumia akikaa saa nane katika hewa ya ndege atajua mwenyewe kwa nini uso unamwasha. Na kama unasafiri na ndugu mwenye ualbino, mkalishe mbali na dirisha au shusha pazia lake mchana, kwa sababu kioo cha ndege hakizuii miale yote ya jua na huko juu jua ni kali. Mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, yalibuniwa kwa ajili ya watu hao hao. Ni vyema kuyapata kupitia kliniki kabla ya siku ya safari.

Siku ya safari ikafika. Nilimfuata Kondoa. Barabara ya kwenda Dodoma, ambayo nilipokuwa mtoto ilitufikisha tukiwa wekundu kama matofali, ni ya lami tangu ujenzi wa Dodoma hadi Babati ulipokamilika na kuzinduliwa Aprili 2018. Dodoma tulipanda treni ya umeme. Mama aliupenda mwendo wake ila si ule upepo wa viyoyozi. Alivua kiatu kimoja kimoja, akagusa visigino, akaomba nikamletee kitambaa chenye maji. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka kutafuta ile harufu inatoka wapi. Nilijisikia tena kama yule mvulana wa bweni, nikatazama nje. Mama alimsalimu yule bwana, akamwambia kwa upole: "Ni mafuta, baba. Nina sukari." Bwana yule akasema mama yake naye anayo, na kutoka hapo hadi Morogoro walizungumza wao wawili, mimi nikiwa nimesahauliwa.

Dar es Salaam kabla ya kwenda uwanjani tuliigawa ile chupa. Sheria ya viwanja vingi ni kwamba kitu cha majimaji au mafuta katika mkoba wa mkononi kisizidi mililita 100 kwa chombo kimoja. Ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Mama hakuelewa polisi wa Uingereza wanahusianaje na nyonyo ya Kondoa. Hata hivyo alinisaidia kuyapasha mafuta, kuyachanganya na ya alizeti ili yasigande kwa baridi, na kuyamimina katika kichupa kidogo cha dawa kilichooshwa. Chupa kubwa tuliifunga kwa mifuko mitatu ikaenda na sanduku. Vidonge vyake, soksi mbili za pamba na kioo cha mkononi viliingia katika mkoba pamoja na kichupa. Kichwa alikitia mafuta asubuhi ile, kabla ya kuhirimia.

Yaliyotokea ndani ya ndege nimeyapata kutoka kwake aliporudi, kwa hiyo nayasimulia kwa kumwamini. Anasema hewa ilikuwa kavu kuliko mwezi wa tisa, ila haikuwa na vumbi. Alitawadha kwa maji kidogo, na kila mara baada ya kutawadha, uso na mikono na miguu ikiwa bado ina maji, alijipaka kidogo tu, matone mawili au matatu. Maneno ya muuguzi juu ya ngozi yenye umajimaji, anasema, hayakuwa mageni kwake, kwa maana udhu ulimpangia saa zenyewe. Alihakikisha hayabaki mazito, maana mafuta yakiganda juu ya ngozi huzuia maji ya udhu unaofuata. Alikuwa akiinuka kila baada ya muda kutembea katika njia ya katikati, na viatu vyake miguuni.

Karibu naye aliketi bibi mmoja kutoka Tanga, mtu wa pwani asiyepata kuujua ukavu maishani mwake. Midomo ilianza kumpasuka kabla hawajafika nusu ya njia. Alikuwa na kikopo cha mafuta mazuri ya nazi, lakini binti yake alikuwa amekitia asumini, na ihramu ilikuwa karibu. Mama alimpa kichupa chetu. Bibi wa Tanga alikinusa, akakirudisha kifuniko, akashukuru. Baada ya nusu saa alikiomba tena. Wakaenda hivyo, wakipokezana, hadi mhudumu wa ndege alipotangaza kwamba usawa wa Yalamlam unakaribia na watu wakaanza kuitikia kwa sauti. Mama anasema hapo hakukumbuka tena habari ya ngozi.

Huko Makka alikuwa akitazamana nyayo na bibi yule kila jioni, mmoja akimshikia mwingine taa ya simu.

Alirudi wiki nne baadaye. Nilimpokea uwanjani usiku, amekonda kidogo, sauti imemkauka kwa mafua ambayo mahujaji wengi hurudi nayo. Nyumbani mke wangu alileta beseni la maji ya uvuguvugu, na mtoto wetu akataka kujua kama bibi aliona ngamia. Mama alifungua mkoba akatoa kichupa cha dawa. Kilikuwa kitupu, kimefutwa hadi chini. Alisema chupa kubwa iko Tanga sasa, na kwamba nimtafutie mtu wa kukamua nyingine kabla ya Septemba.

Kisha akanyoosha miguu juu ya kigoda akasema macho yake yamechoka. Nilichukua tochi, nikapiga magoti sakafuni, nikaanza na kisigino cha kushoto.